Poka ya mashindano

Poka ya mashindano ni namna ya kucheza mchezo wa karata uitwao poka ambapo kila mchezaji hulipa kiingilio, hupewa idadi ya chipu iliyo sawa na ya wenzake, kisha hucheza mpaka chipu zake zinapokwisha au mpaka anapobaki peke yake akiwa na chipu zote. Zawadi hutolewa kwa kufuata mpangilio wa kutoka: mshindi hupata fungu kubwa zaidi, wanaomfuata hupata mafungu madogo madogo, na wengi waliotoka mapema hawapati kitu.

Tofauti yake kubwa na poka ya fedha taslimu ni kwamba chipu za mashindano hazibadilishwi kuwa fedha. Mchezaji hawezi kuinuka mezani na kuondoka na alichonacho. Pia madau ya lazima hupanda kila baada ya muda, kwa hiyo anayesubiri karata nzuri bila kucheza humalizika taratibu. Kwa sababu hizo mbili, uamuzi mzito kuliko yote katika mashindano ni lini mchezaji aweke zote, yaani asukume chipu zake zote katika dau moja.

Makala hii inahusu hasa aina ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, ambayo ndiyo inayochezwa katika mashindano mengi makubwa duniani.

## Kanuni za msingi

### Mgawo mmoja

Poka huchezwa kwa karata 52 bila jokeri. Katika Texas Hold'em kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri. Baadaye karata tano za wote huwekwa wazi mezani: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila mmoja hutumia karata tano zilizo bora kati ya saba hizo.

Kabla ya karata kugawiwa, wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji huweka madau ya lazima: dau dogo na dau kubwa, ambalo kwa kawaida ni mara mbili ya dau dogo. Katika ngazi za baadaye huongezwa mchango wa meza, ambao siku hizi mara nyingi hulipwa na mtu mmoja tu, yule mwenye dau kubwa, kwa niaba ya wote. Fedha zote zilizowekwa katika mgawo mmoja huitwa hapa kitita.

Zamu ikimfikia, mchezaji huwa na njia tatu:
* kutupa karata na kuacha kitita;
* kulipa dau lililowekwa na mwenzake;
* kupandisha dau.

Kama hakuna dau la kulipa, anaweza pia kupita bila kuweka kitu. Alama ya mgawaji huhama mtu mmoja kwenda kushoto baada ya kila mgawo, hivyo kila mmoja hupata zamu ya kulipa madau ya lazima.

### Kuweka zote na vitita vya pembeni

Katika mchezo usio na kikomo, mchezaji anaweza wakati wowote wa zamu yake kuweka chipu zote alizo nazo. Hawezi kulazimishwa kutupa karata kwa sababu tu hana chipu za kutosha kulipa dau la mwenzake. Hulipa kadiri ya alichonacho na kushindania sehemu inayolingana na malipo yake.

Kwa mfano, A ana chipu 3,000, B ana 7,000 na C ana 12,000, na wote watatu wameweka zote. Kitita kikuu ni 9,000 (3,000 kutoka kwa kila mmoja), nacho kinashindaniwa na wote. B na C wana 4,000 zaidi kila mmoja, ambazo hufanya kitita cha pembeni cha 8,000 kinachowahusu wao wawili tu. Chipu 5,000 za C zilizobaki hurudishwa kwake, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzilipa. A akiwa na karata bora kuliko zote, anachukua 9,000, na C au B anachukua 8,000.

Katika mashindano, mchezaji akiwa ameweka zote na hakuna dau jingine linaloweza kuwekwa, karata za wote waliobaki hufunuliwa kabla ya karata za mezani kuendelea. Kanuni hii inasaidia kuzuia njama, kwa mfano mchezaji kumpa rafiki yake chipu kwa kujifanya ameshindwa. Wachezaji wawili wakitolewa katika mgawo mmoja, aliyeuanza akiwa na chipu nyingi zaidi huhesabiwa nafasi ya juu.

Mwaka 2001 waamuzi na waendeshaji wa mashindano walianzisha chama cha kusawazisha kanuni hizi, kwani kabla ya hapo kila kasino ilikuwa na taratibu zake. Miongoni mwa waanzilishi ni Matt Savage na Linda Johnson.

## Historia

Texas Hold'em ilianza katika jimbo la Texas, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Mji wa Robstown hutajwa kuwa chimbuko lake, na bunge la jimbo hilo liliutambua rasmi mwaka 2007. Mchezo uliingia Las Vegas katika miaka ya 1960.

Mwaka 1970 Benny Binion, mwenye kasino ya Binion's Horseshoe jijini Las Vegas, aliwaalika wachezaji mashuhuri katika mkutano ulioitwa World Series of Poker. Bingwa wa mwaka huo, Johnny Moss, alichaguliwa kwa kura za wenzake. Mwaka 1971 utaratibu ulibadilishwa: kila mmoja alianza na chipu sawa na aliyeishiwa alitoka. Moss alishinda tena. Kiingilio cha mashindano makuu kilifikia dola 10,000 mwaka 1972, na kiasi hicho hakijabadilika tangu wakati huo.

Mwaka 1982 Jack Straus alisukuma chipu zake katikati ya meza akashindwa. Alipotaka kuondoka iligundulika kwamba chipu moja ya 500 ilikuwa imebaki mezani. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, aliruhusiwa kuendelea, na hatimaye akawa bingwa kati ya wachezaji 104, akipata dola 520,000. Tangu hapo wachezaji hupenda kukumbushana kwamba mwenye chipu moja na kiti bado yumo mchezoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 televisheni ilianza kutumia kamera zinazoonyesha karata za siri, kwanza katika kipindi cha Uingereza kiitwacho *Late Night Poker* mwaka 1999. Mtazamaji sasa aliweza kujua nani anababaisha na nani ana karata kweli.

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alipata nafasi ya kushiriki kwa kushinda mashindano madogo ya mtandaoni, akawashinda wachezaji wengine 838 na kupata dola milioni 2.5. Walipobaki wawili, aliweka zote baada ya karata ya tano akiwa hana hata jozi. Mpinzani wake Sammy Farha, mwenye jozi ya tisa, alitupa karata. Mwaka uliofuata washiriki waliongezeka hadi 2,576, na mwaka 2006 walikuwa 8,773. Mwaka 2023 idadi ilivuka 10,000 kwa mara ya kwanza. Mwaka 2007 Raymond Rahme wa Afrika Kusini alifika meza ya mwisho na kushika nafasi ya tatu.

## Hesabu ya kuweka zote

Mchezaji anayeweka zote ana njia mbili za kushinda. Ya kwanza ni wapinzani kutupa karata, naye akachukua kitita bila karata zake kuonekana. Ya pili ni kulipwa na kisha kuwa na karata bora mwishoni. Anayelipa dau la mwenzake ana njia moja tu, ile ya pili. Kwa hiyo ni kanuni ya kawaida kwamba karata zinazofaa kuweka zote ni nyingi kuliko karata zinazofaa kulipa. David Sklansky, mwandishi wa vitabu vya nadharia ya poka, alilipa jina pengo hilo kati ya karata za mwanzishaji na karata za mlipaji, na wachezaji wengi huliita pengo la Sklansky.

### Ukubwa wa rundo

Jambo la kwanza kutazamwa ni ukubwa wa rundo la chipu ukilinganishwa na gharama ya kukaa mezani. Njia rahisi ni kuhesabu rundo lina madau makubwa mangapi. Njia nyingine ni kipimo kiitwacho M, kilichopewa jina kutokana na Paul Magriel na kuenezwa na Dan Harrington, bingwa wa mwaka 1995, katika vitabu vyake. M hupatikana kwa kugawanya rundo kwa jumla ya madau yote ya lazima ya mgawo mmoja. Jibu linaonyesha mchezaji anaweza kukaa mizunguko mingapi bila kucheza karata yoyote.

Harrington aligawa hali za mchezaji kama ifuatavyo:
* M zaidi ya 20: mchezaji yuko huru kucheza kwa kila namna;
* 10 hadi 20: inabidi achague zaidi, na apunguze kulipa kwa karata zinazotegemea kukamilika baadaye;
* 6 hadi 10: hana nafasi ya kulipa dau dogo dogo na kutazama; akiingia, aingie kwa nguvu;
* 1 hadi 6: uamuzi unabaki kuweka zote au kutupa;
* chini ya 1: rundo haliwezi kumtisha mtu tena.

Hali ya mwisho inaeleza kwa nini kusubiri sana ni hatari. Rundo likishakuwa dogo mno, mwenye dau kubwa atalipa kwa karata zozote kwa kuwa gharama ni ndogo, na mchezaji amepoteza ile njia yake ya kwanza ya kushinda. Anayengoja jozi ya ree (karata yenye alama moja, iliyo kubwa kuliko zote) hugawiwa jozi hiyo mara moja tu katika migawo 221 kwa wastani. Jozi ya aina yoyote huja mara moja katika migawo 17.

### Mfano wa kuweka zote

Tuseme dau dogo ni 500, dau kubwa 1,000, na mchango wa meza 1,000. Kitita kabla ya mtu kucheza ni 2,500. Wote wametupa karata mpaka zamu ikamfikia mchezaji mwenye alama ya mgawaji, ambaye ana chipu 10,000. Rundo lake ni madau makubwa 10, na M yake ni 4.

Akiweka zote na wawili waliobaki wakatupa, anaongeza 2,500, yaani robo nzima ya rundo lake. Akilipwa na mwenye dau kubwa, kitita kinakuwa 21,500. Tuseme karata zake ni za wastani na akilipwa anashinda mara 35 katika 100. Hapo fungu lake la kitita ni 7,525 kwa wastani, kwa hiyo kila akilipwa anapoteza 2,475.

Ikiwa wapinzani hutupa mara 70 katika 100, hesabu ni hivi:
* mara 70 anapata 2,500: wastani wa chipu 1,750;
* mara 30 anapoteza 2,475: wastani wa chipu 742 hivi;
* faida iliyobaki ni takriban chipu 1,000 kwa kila jaribio.

Karata zinazoshindwa mara nyingi zikilipwa zimeleta faida ya dau kubwa zima. Hata wapinzani wangetupa nusu tu ya mara zote, asingepata hasara.

Mwenye dau kubwa naye ana hesabu yake. Amekwisha kuweka 1,000, anatakiwa kuongeza 9,000 ili ashindanie 21,500. Akigawanya 9,000 kwa 21,500 anapata takriban 42 katika 100. Analipa akiamini anashinda zaidi ya hapo dhidi ya karata ambazo mwenzake huweka nazo zote. La sivyo anatupa.

### Nafasi mezani

Idadi ya watu ambao bado hawajacheza hubadilisha kila kitu. Tuseme kila mpinzani analipa kwa karata 5 bora katika 100. Anayeweka zote akiwa na watu wawili nyuma yake atalipwa takriban mara 10 katika 100. Akiwa wa kwanza katika meza ya watu tisa, na wanane nyuma yake, atalipwa takriban mara 34. Ndiyo maana karata kama mfalme na tisa hutupwa bila kufikiri na mchezaji wa mwanzo, lakini hufaa kuwekewa zote na mwenye dau dogo aliyebaki na mtu mmoja mbele yake.

### Uwezekano wa karata dhidi ya karata

Wawili wakishaweka zote kabla ya karata za mezani, uwezekano wa kushinda huwa takriban hivi:
* jozi kubwa dhidi ya jozi ndogo: 80 kwa 20;
* jozi dhidi ya karata mbili zilizo ndogo kuliko jozi hiyo: 80 hadi 85 kwa wa kwanza;
* jozi dhidi ya karata moja kubwa na moja ndogo: 70 kwa 30;
* karata mbili zinazoshiriki kubwa moja, kama ree na mfalme dhidi ya ree na malkia: 70 hadi 75 kwa wa kwanza;
* karata mbili kubwa dhidi ya mbili ndogo: 60 hadi 65 kwa wa kwanza;
* jozi dhidi ya karata mbili zilizo kubwa kuliko jozi hiyo: 52 hadi 57 kwa mwenye jozi.

Hali ya mwisho wachezaji huifananisha na kurusha sarafu. Hata mwenye nafasi nzuri hana uhakika. Anayeweka zote mara tano, kila mara akiwa na nafasi ya 80 katika 100, atashinda zote tano takriban mara 33 tu katika 100.

## Thamani ya chipu na thamani ya zawadi

Hesabu zilizotangulia huchukulia kwamba kila chipu ina thamani sawa. Katika mashindano haiko hivyo. Anayekusanya chipu zote hapati zawadi zote. Hupata ya kwanza tu. Kwa hiyo chipu ambazo mchezaji anazo zina thamani kubwa kuliko idadi hiyo hiyo ya chipu anazoweza kuongeza, na anachopoteza kinauma kuliko anachopata.

Njia inayotumika sana kukadiria jambo hili hufahamika kwa kifupi chake, ICM. Ilielezwa kwa wachezaji wa poka na Mason Malmuth mwaka 1987, na hesabu yake inafanana na ile iliyotolewa na David Harville mwaka 1973 kwa mbio za farasi. Njia hiyo huchukulia kwamba uwezekano wa kushika nafasi ya kwanza ni sawa na fungu la chipu alizo nazo mchezaji. Nafasi ya pili hukadiriwa vivyo hivyo miongoni mwa waliobaki, na kuendelea.

### Mfano wa watu wanne na zawadi tatu

Wamebaki watu wanne, kila mmoja ana chipu 2,500. Zawadi ni dola 50, 30 na 20. Wa nne hapati kitu. Kwa kuwa wako sawa, thamani ya kila mmoja ni dola 25. Ili kurahisisha, madau ya lazima yameachwa.

A anaweka zote, na B anafikiri kama alipe. Akilipa na kushindwa, anabaki na sifuri. Akishinda, ana chipu 5,000 kati ya 10,000 na wamebaki watatu. Uwezekano wake wa kuwa wa kwanza ni nusu, wa pili ni theluthi, na wa tatu ni sudusi. Thamani yake inakuwa 25 + 10 + 3.33, yaani dola 38.33.

Chipu za B zimezidishwa mara mbili, lakini thamani yake haikufika dola 50. Ili kulipa kusiwe hasara, ni lazima ashinde zaidi ya mara 65 katika 100, ilhali kwa hesabu ya chipu peke yake mara 50 zingetosha. Hata B angekuwa na jozi ya malkia na A akaonyesha waziwazi ree na mfalme wa aina tofauti, B angeshinda takriban mara 57 tu, na kulipa kungemgharimu zaidi ya dola 3 kwa wastani.

Thamani iliyopotea haikutoweka. C na D, waliotupa karata na kutazama, sasa kila mmoja ana thamani ya dola 30.83 badala ya 25. Wapiganapo wawili, wanaofaidi ni waliokaa pembeni.

### Mpaka wa zawadi

Kipindi ambacho akitoka mtu mmoja au wachache wengine wote wanaingia katika zawadi ndicho chenye shinikizo kubwa kuliko vyote. Wenye marundo ya kati huogopa kulipa, na mwenye rundo kubwa huwatumia kwa kuweka madau yanayowalazimisha kuhatarisha chipu zao zote. Yeye akishindwa anabaki mchezoni. Wao wakishindwa wanatoka. Mwenye rundo dogo kabisa naye hawezi kungoja sana, kwa kuwa madau ya lazima yatammaliza.

Ili wachezaji wasichelewe makusudi wakingoja meza nyingine itoe mtu, waamuzi huamuru meza zote zicheze mgawo mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna meza inayoanza mwingine kabla ya zote kumaliza.

### Mashindano ya kufuzu na ya zawadi kwa kichwa

Katika mashindano ya kufuzu, zawadi zote ni sawa: kwa mfano nafasi 10 za kushiriki mashindano makubwa. Wakibaki watu 11, mwenye rundo kubwa hana cha kuongeza, maana aliye wa kwanza na aliye wa kumi hupata kitu kile kile. Hapo yumkini ni sahihi kutupa hata jozi ya ree kabla ya karata za mezani, ikiwa mpinzani mwenye rundo kubwa zaidi ameweka zote na kuna wengine wanaokaribia kwisha.

Mashindano yanayotoa zawadi kwa kila mtu unayemtoa huenda upande wa pili. Zawadi hiyo huongezwa katika hesabu kana kwamba ni sehemu ya kitita, hivyo kulipa hufaa kwa karata nyingi zaidi.

## Nadharia ya michezo na kompyuta

Rundo likiwa dogo, uamuzi wa kuweka zote au kutupa ni mwepesi kiasi cha kuweza kukokotolewa kwa usahihi. Karata mbili za siri zinaweza kuja kwa namna 1,326, lakini kabla ya karata za mezani zinaweza kupangwa katika makundi 169 tu. Kwa kutumia dhana ya uwiano iliyotolewa na mwanahisabati John Nash mwaka 1950, watafiti walitengeneza majedwali yanayoonyesha, kwa kila ukubwa wa rundo, karata zipi ziwekewe zote na zipi zitupwe, kiasi kwamba mpinzani hawezi kunufaika hata akiyajua. Mwaka 2007 Peter Bro Miltersen na Troels Bjerre Sørensen wa Denmark walionyesha kwamba, wawili wakibaki na marundo madogo, mkakati wa kuweka zote au kutupa peke yake unakaribia sana ule ulio bora kabisa.

Programu za kompyuta zimekwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, katika Hold'em isiyo na kikomo. Mwaka 2019 Pluribus ilifanya hivyo katika meza ya watu sita. Hata hivyo katika majaribio hayo marundo yalirudishwa sawa kila mgawo, kwa hiyo suala la zawadi halikuwemo.

Majedwali yana mipaka. Huchukulia kwamba mpinzani naye anacheza kwa ustadi. Dhidi ya mtu anayelipa ovyo, karata za kubabaisha hupunguzwa. Dhidi ya mwoga, huongezwa.

## Ustadi na bahati

Uamuzi sahihi unaweza kuleta matokeo mabaya. Mwaka 2010, katika mashindano makuu ya World Series of Poker, Matt Affleck aliweka zote akiwa na jozi ya ree, huku mezani kukiwa na kumi, tisa, saba na malkia. Jonathan Duhamel wa Kanada alilipa akiwa na jozi ya ghulamu. Karata 10 kati ya 44 zilizobaki zingemwokoa Duhamel: nane zote nne, wafalme wote wanne na ghulamu wawili. Hiyo ni takriban mara 23 katika 100. Karata ya tano ilikuwa nane. Affleck alitolewa katika nafasi ya 15, na Duhamel akaendelea hadi kuwa bingwa.

Kwa sababu hiyo wachezaji wa kulipwa hupima uamuzi kwa kile kilichojulikana wakati wa kuamua. Matokeo ya mashindano machache hayatoshi kumtofautisha stadi na mwenye bahati; mamia ya mashindano huhitajika. Wengi wao huuza sehemu ya kiingilio na zawadi zao kwa watu wengine ili kupunguza hatari ya kufilisika.

Swali la kama poka ni ustadi au bahati limefika pia mahakamani. Mwaka 2012 jaji wa shirikisho jijini New York, Jack Weinstein, aliamua kwamba ustadi ndio unaotawala na kwamba sheria fulani ya kamari haihusu poka. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2013.

## Sheria, dini na madhara

Nchi nyingi huihesabu poka ya fedha kuwa kamari na kuiwekea masharti. Nchini Tanzania kasino husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2016 iliweka umri wa chini kuwa miaka 25. Uislamu unakataza kamari, na madhehebu mengi ya Kikristo huikemea pia.

Muundo wa mashindano huweka kikomo kwa hasara ya siku moja, kwani mchezaji hupoteza kiingilio alicholipa na si zaidi. Lakini pale panaporuhusiwa kulipa tena baada ya kutolewa, kikomo hicho huondoka. Katika kila mashindano walio wengi hutoka mikono mitupu, na mwendeshaji hukata ada yake kabla ya zawadi kugawanywa, hivyo wachezaji wote kwa jumla hupata pungufu ya walichotoa. Dalili za uraibu ni pamoja na kucheza ili kufidia hasara, kukopa kwa ajili ya viingilio, na kuwaficha ndugu kiasi kilichopotea.

## Tazama pia

* Kamari
* Karata
* Kasino
* Nadharia ya michezo
* Uwezekano (hisabati)